Kutuma Kazi ya Nakshi kutoka Lamu hadi Ulaya na Marekani: Karatasi Zinazotakiwa Siku Hizi

Karakana kwa ami yangu, Langoni, kuna kisanduku cha vito cha mbambakofi kilichokwenda Ujerumani kikarudi. Hakikuvunjika njiani, wala mteja hakukikataa. Kilirudi kwa sababu juu ya kifurushi hapakuwa na jina wala anwani ya mtu aliyeko Ulaya wa kuulizwa habari zake. Nauli ya kwenda tulilipa, ya kurudi tukalipa, na fedha za mteja tukamrudishia. Ami alikigeuza mara mbili mkononi, akakiweka juu ya kabati la patasi, akasema, "Hiki kimeona dunia kuliko mimi."

Tangu siku hiyo kazi ya karatasi ikawa yangu. Mwongozo huu ni kwa wenzetu wanaochonga, wanaofua fedha, wanaoshona kofia za viua na mikoba ya matanga, iwe Amu (Lamu mjini), Shela, Matondoni au Malindi. Sheria nyingi zinazotugusa zimetungwa mbali sana na Mkunguni, hapa mjini kwetu, nyingi kati ya mwaka 2021 na 2026, na hakuna aliyekuja kututangazia. Nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata mimi, kuanzia mbao inapoingia karakana. Kwenye mbao nitakaa zaidi, maana huko ndiko wengi wanakokwama. Atakayeanza kuuliza karatasi siku ya kufunga mzigo amekwisha kuchelewa.

Hatua ya kwanza: amua unamuuzia nani

Sanduku moja linaweza kuwa na sheria tatu tofauti kulingana na mnunuzi, kwa hiyo anza hapa kabla hujagusa kitu kingine.

Mnunuzi mwepesi kuliko wote ni mgeni aliyesimama mbele yako dukani. Akinunua, akalitia begi lake na kupanda ndege Manda, yeye ndiye anayelipeleka kwao, tena kwa matumizi yake. Abiria wa ndege anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje anaruhusiwa bidhaa za hadi yuro 430 bila ushuru. Uingereza ni pauni 390. Mmarekani anayerudi nyumbani kwa kawaida ana dola 800. Mpe ankara yenye bei halisi na jina la mti, basi. Wageni wengine huomba uandike bei ndogo. Usikubali. Jina lililo juu ya ankara ni lako, si lao.

Wa pili ni duka lililoko huko: Milano, Hamburg, London. Akinunua kwako kwa jumla yeye ndiye mwingizaji, na sehemu kubwa ya mzigo wa kisheria humwangukia yeye. Atakuuliza maswali mengi, lakini atakuuliza kabla ya mzigo kuondoka, na hilo lina thamani kubwa.

Wa tatu ni mtu binafsi aliyekuona mtandaoni na anataka sinia moja apelekewe nyumbani. Huyu ndiye aliyekuwa rahisi miaka kumi iliyopita, na ndiye mgumu leo. Kwa maoni yangu, karakana ndogo isiyouza vipande vingi kwa mwezi ifuate wa kwanza na wa pili. Wa tatu mwache mpaka uwe umempata mtu wa kukuwakilisha huko, na habari zake zinakuja hapo mbele.

Hatua ya pili: ujue mti wako kwa jina lake la kitaalamu

Nunua daftari. Kila mbao inayoingia iandike: tarehe, jina la mti, imetoka wapi, imeuzwa na nani, ni futi ngapi, na namba ya kibali cha kusafirishia kutoka Huduma ya Misitu, KFS. Mbao isiyo na kibali, hata iwe na mshipa mzuri namna gani, iache kwa mwenyewe.

Jina la Kiswahili halitoshi, kwa sababu mti mmoja una majina tofauti Amu, Tanga na Kilwa. Andika na la Kilatini. Mbambakofi ni Afzelia quanzensis. Mvule ni Milicia excelsa. Msaji ni Tectona grandis, mwembe ni Mangifera indica, mwarobaini ni Azadirachta indica, na mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Majina haya sita yanatosha karibu kazi yote ya karakana yetu.

Kwa nini Kilatini? Kwanza ni mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye Orodha ya Pili ya mkataba huo, ambayo biashara yake huhitaji kibali, tangu Januari 2017. Mwanzoni hata vitu vidogo vilisumbua, baadaye ukawekwa msamaha: kazi iliyokamilika, ambayo mbao yake ya mpingo haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, haihitaji kibali. Kwa hiyo bakora moja ya mpingo inapita. Viti viwili vya enzi huenda visipite, vipime kwanza.

Mbambakofi una habari mpya zaidi. Mkutano wa CITES wa Novemba 2022 uliingiza miti ya Afzelia ya Afrika kwenye Orodha ya Pili, na ikaanza kutumika Februari 2023. Masharti hayo yanagusa magogo, mbao zilizopasuliwa, plaiwudi na mbao zilizorandwa tayari kwa ujenzi. Sanduku lililokwisha kuchongwa na kuunganishwa halimo. Lakini mteja akikuomba umtumie mbao tupu za mbambakofi ili seremala wake amalizie kazi huko, hapo umeingia kwenye kibali, na kibali hicho hutolewa na KWS, shirika la wanyamapori. Nimeona watu wakichanganya mawili haya. Mmoja alilazimika kurudisha mbao kutoka Mombasa hadi Mokowe kwa lori.

Gamba la kasa na pembe usivitaje hata kwa mzaha. Hata kipande cha zamani kilichopachikwa kwenye kifuniko cha sanduku kinaweza kukupeleka kortini chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kama unatengeneza upya sanduku la mtu na umekuta kipande cha namna hiyo, usilisafirishe.

Sheria ya misitu ya Ulaya na mbao za majahazi

Hii haina karatasi unayoijaza wewe mwenyewe, lakini ndiyo itakayobadilisha maswali unayoulizwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu: kahawa, kakao, mawese, ng'ombe, soya, mpira, na mbao. Vitu vya mbao vya mapambo na fanicha vimo. Ilitakiwa kuanza mwisho wa 2024, ikaahirishwa mwaka mmoja, kisha mwishoni mwa 2025 ikaahirishwa tena. Kwa kampuni kubwa na za kati tarehe iliyowekwa ni 30 Desemba 2026.

Anayewajibika ni mfanyabiashara anayeiingiza bidhaa Ulaya. Lakini yeye hana habari ulizo nazo wewe. Atakuuliza mti ulikatwa shamba gani, na atataka alama za mahali hapo kama simu inavyozitoa kwenye ramani. Atataka ushahidi kwamba hapo hapakuwa msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Na atataka kibali kilichotolewa na nchi. Ukinunua mwembe kwa mzee wa Mpeketoni aliyeupanda mwenyewe, simama chini ya kisiki, washa simu, chukua alama za mahali, piga picha, andika kwenye daftari. Dakika tano. Baada ya mwaka mmoja huwezi kuzipata tena, maana kisiki kimechomwa mkaa na mzee amesahau ulikuwa mwembe gani.

Sasa jambo linalotufaa sisi wa Lamu kuliko wengine. Sheria hiyo haigusi kitu kilichotengenezwa chote kwa mbao iliyokwisha kazi yake, ambayo vinginevyo ingetupwa. Meza, fremu za vioo na viti vinavyotengenezwa kwa mbao za majahazi na mashua zilizochoka vinaingia hapo. Neno la kushika ni "chote": ukiweka miguu ya mbao mpya, msamaha umekwenda. Na utahitaji kuonyesha kwamba kweli ilikuwa mashua. Kabla ya kubomoa, piga picha chombo kizima kikiwa pwani, jina lake likisomeka, kisha picha wakati wa kubomoa, kisha karatasi yenye sahihi ya mwenye chombo kwamba amekuuzia. Mteja wako wa Ulaya ataipenda karatasi hiyo hata kama hakuna aliyeidai, kwa sababu atauza na hadithi ya chombo pamoja na meza.

Hatua ya tatu: kama kitu ni cha kale, simama

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote cha kuhamishika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu hicho hakitoki nchini bila kibali. Milango, masanduku ya harusi ya bibi zetu, viti vya enzi vya asili, vyote vinaweza kuwemo.

Shida yetu ni kinyume chake: tunatengeneza sanduku jipya, tunalipaka chai na vumbi ili lionekane la zamani, halafu tunashangaa afisa wa uwanja wa ndege akilizuia. Kama ni jipya andika kwenye ankara kwamba ni jipya na mwaka lilipotengenezwa, chora alama ya karakana chini yake, na weka picha za kazi ikiendelea. Kama lafanana sana na la kale, pita makumbusho ya hapa Lamu ulionyeshe kabla halijafungwa. Wenzangu wengine huona hilo ni kujitafutia maswali. Mimi naona ni afadhali maswali ya Lamu kuliko ya Nairobi saa sita za usiku.

Hatua ya nne: faili ya bidhaa na lebo

Hapa ndipo kisanduku chetu kilipokwama. Tangu 13 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya una kanuni mpya ya usalama wa bidhaa, inayojulikana kwa kifupi GPSR. Inagusa karibu kila kitu anachouziwa mtu wa kawaida ambacho si chakula wala dawa, na haibagui kiwanda cha Shenzhen na karakana ya watu watatu Langoni. Inataka mambo matatu.

La kwanza ni mtu anayewajibika aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya. Anaweza kuwa duka lililonunua kwako kama mwingizaji, au wakala uliyempa idhini kwa maandishi, au ghala linalohifadhi na kutuma bidhaa zako. Jina lake, anwani yake na barua pepe yake viwe juu ya bidhaa au kifurushi chake. Kuna kampuni zinazouza huduma hii kwa ada ya mwaka. Piga hesabu: kama ada ni kubwa kuliko faida ya masanduku unayouza, rudi hatua ya kwanza. Binamu yako anayeishi Bologna anaweza kufanya kazi hiyo, lakini mweleze wazi kwamba mamlaka za huko zitamwandikia yeye sanduku likiwa na kasoro. Usimwekee jina lake kimyakimya.

La pili ni lebo. Iwe na jina la mtengenezaji, anwani ya posta, barua pepe, na namba ya kukitambulisha kipande. Sisi twaandika herufi za karakana, mwaka na namba ya zamu, na namba hiyohiyo imo kwenye daftari la miti, kwa hiyo kutoka kwenye lebo naweza kufika mpaka kwenye kisiki. Kama kuna tahadhari, mfano sinia lisilofaa kuwekwa chakula kwa sababu ya vanishi, iandikwe kwa lugha ya nchi linakouzwa. Habari hizohizo zionekane kwenye tangazo la mtandaoni pamoja na picha, kabla mteja hajalipa.

La tatu ni faili. Andika kwa lugha nyepesi kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, vanishi na gundi gani, na kinaweza kumdhuru mtu vipi. Kisanduku chetu: kifuniko kizito kinaweza kubana kidole cha mtoto, misumari ya shaba inaweza kuchomoza. Umefanya nini? Tumeweka mnyororo wa kushikilia kifuniko, misumari imepigwa ikalala. Karatasi mbili zinatosha kwa kitu rahisi. Faili hukaa miaka kumi, kwa hiyo usiiache kwenye simu pekee.

Mafundi wa fedha mna la ziada. Ulaya inaweka mipaka ya madini kwenye vito: risasi isizidi asilimia 0.05 ya uzito, kadimiamu asilimia 0.01, na nikeli hupimwa kwa jinsi inavyotoka kuingia kwenye ngozi. Zile pete zetu zenye vipande vya vyombo vya kauri vya kale hupendwa sana, lakini swali liko kwenye lehemu mnayotumia. Zipo lehemu zenye kadimiamu. Soma pakiti kabla ya kununua.

Mwenye kofia na mikoba ataje aina ya nyuzi na asilimia yake. Pamba 100%. Hilo ni jepesi.

Neno moja juu ya maneno: kuanzia 27 Septemba 2026 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwazuia wauzaji kutumia sifa kama "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho unaokubalika. Badala ya sifa hiyo andika "mbao ya mashua iliyobomolewa Matondoni mwaka huu". Ni kweli, na inauza zaidi.

Hatua ya tano: ankara, namba ya forodha na asili ya bidhaa

Kila bidhaa duniani ina namba ya forodha, na tarakimu sita za kwanza ni sawa karibu kila nchi. Masanduku madogo ya vito na vinyago vya mbao viko chini ya 4420. Sinia na vyombo vya mezani vya mbao ni 4419. Fanicha, masanduku makubwa ya nguo yakiwemo, huwa 9403. Vito vya fedha ni 7113, kofia 6505. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha mti na ulimi wa chuma, bado hunisumbua, na kila wakala ninayemuuliza ana jibu lake.

Tangu 2021 mfumo wa Ulaya wa usalama wa mizigo hutaka habari zitumwe kielektroniki kabla mzigo haujafika, na maelezo ya jumla hukataliwa. Usiandike "zawadi" wala "kazi za mikono". Andika: sanduku la vito la mbao ya mbambakofi, la kuchongwa kwa mkono, jipya, kipande 1.

Halafu asili ya bidhaa. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika 1 Julai 2024, na bidhaa zenye asili ya Kenya zinaingia huko bila ushuru wa forodha. Haiji yenyewe, lazima udai. Mzigo usiozidi yuro 6,000 unaweza kuusindikiza kwa tamko unaloliandika wewe mwenyewe juu ya ankara, kwa maneno rasmi yaliyomo ndani ya itifaki ya mkataba. Yanakili neno kwa neno, usiyatunge, weka sahihi kwa mkono. Ukizidi kiasi hicho unaomba cheti cha asili ya bidhaa kiitwacho EUR.1 kwa mamlaka ya mapato, KRA, idara ya forodha. Kwa Uingereza tuna mkataba wa peke yake tangu 2021, wenye utaratibu unaofanana.

Mweleze mteja kwamba kutolipa ushuru wa forodha si kutolipa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya kwao inabaki: Ujerumani 19%, Ufaransa 20%, Italia 22%. Ule msamaha wa zamani wa vifurushi vya chini ya yuro 22 uliondolewa Julai 2021. Ugomvi mwingi wa wateja hutoka hapa: analetewa bili mlangoni, anadhani umemlaghai. Andika kwenye tangazo na kwenye ujumbe: kodi za nchi yako utalipa wewe.

Na kwa vifurushi vya chini ya yuro 150, vilivyokuwa vikipita bila ushuru wa forodha, nchi za Umoja huo zilikubaliana Desemba 2025 kutoza yuro 3 kwa kila aina ya bidhaa kuanzia 1 Julai 2026. Iliwalenga wauzaji wakubwa wa Uchina. Wimbi la meli limefika hadi kwenye mtumbwi.

Hatua ya sita: vya hapa nyumbani

Leseni ya kaunti unayo, au ujifanye unayo, sitaingia hapo.

Kodi ya mauzo kwa biashara ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ilipanda kutoka 1% hadi 3% kwa sheria ya fedha ya 2023, na hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 kupita. Inahesabiwa kwa mauzo yote, si kwa faida. Mteja kuwa Ufaransa hakuitoi. Kwa seremala ambaye mbao na nauli zinamla nusu ya bei, 3% ya mauzo yaweza kuwa nzito kuliko kodi ya kawaida ya mapato. Unaruhusiwa kumwandikia Kamishna kwamba unachagua kodi ya kawaida, ila hapo lazima uwe na hesabu safi.

Hesabu safi siku hizi ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato. Na mzee wa Mpeketoni aliyekuuzia mwembe hana eTIMS wala hataki kuisikia. Mabadiliko yaliyoanza 27 Desemba 2024 yanakuruhusu wewe mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Utahitaji PIN yake, yaani namba yake ya kodi ya KRA, na ridhaa yake. Kama simu inakushinda, Huduma Centre watakusaidia.

Ukisajiliwa kwa VAT, ambayo ni lazima mauzo yakifika milioni 5, bidhaa unazouza nje hutozwa sifuri na unaweza kudai VAT uliyolipia vifaa. Weka hati za forodha, maana bila hizo hakuna marejesho.

Orodha ya wateja yenye majina na anwani zao ni data binafsi chini ya sheria ya 2019. Karakana ndogo yenye mauzo chini ya milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida haihitaji kujisajili. Wenye nyumba za wageni Shela wasijifiche hapo: biashara za ukarimu zinatakiwa kujisajili hata zikiwa ndogo.

Hatua ya saba: kufunga

Sanduku la kufungia likiwa la mbao tupu yenye unene zaidi ya milimita 6, liwe limepashwa moto mpaka nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa kimataifa. Kwa Kenya wanaosimamia ni KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Fundi wetu aliwahi kufunga meza nzuri ndani ya kreti aliyoiunga mwenyewe kwa mabaki ya karakana. Meza ilikuwa na karatasi zote, kreti haikuwa na hata moja. Tumia katoni nzito, au plaiwudi, ambayo haidaiwi muhuri huo.

Ukituma moja kwa moja kwa watu wa Ujerumani, jua kwamba hata boksi lina sheria: muuzaji anatakiwa kujisajili kwenye daftari la vifungashio liitwalo LUCID, na tangu Julai 2022 masoko ya mtandaoni huuliza namba yake kabla ya kukuruhusu kuuza huko.

Uingereza na Marekani

Uingereza si Umoja wa Ulaya tena, ila Ireland ya Kaskazini inafuata GPSR kama Ulaya, kwa hiyo tazama anwani vizuri. Kifurushi cha hadi pauni 135 VAT yake hukusanywa wakati wa kuuza, na ukiuza kwenye tovuti yako mwenyewe ni wewe unayetakiwa kujisajili huko. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko ndilo linalokusanya. Kito kinachoitwa fedha kikizidi gramu 7.78 lazima kipimwe na kupigwa alama rasmi ya madini kabla ya kuuzwa. Mpe mnunuzi wako wa jumla kazi hiyo.

Marekani ndiyo iliyobadilika ghafla kuliko wote. Kwa miaka mingi kifurushi cha hadi dola 800 kiliingia bila ushuru. Msamaha huo ulisimamishwa kwa nchi zote 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya huko mpaka ijulikane nani atakusanya ushuru. Viwango vyenyewe vimebadilika mara kadhaa tangu Aprili 2025. Kwa hiyo usimpe mteja wa Marekani bei ya mwezi uliopita: uliza siku ya kutuma, na umwandikie kwamba bei yako haina ushuru ndani yake. Mbao nazo zina Sheria ya Lacey, ya mwaka 1900, iliyopanuliwa 2008 ikaingiza miti: mwingizaji hutakiwa kutaja jina la Kilatini na nchi mti ulikokatwa. Daftari lile lile.

Hatua ya nane: fedha zikiingia

Benki ikikuita kukuuliza fedha za Hamburg ni za nini, usikasirike. Kenya iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na fedha haramu, Februari 2024, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya nao ukaiweka kwenye orodha yake ya nchi za hatari kwa fedha haramu, kwa hiyo benki za pande zote mbili hutakiwa kuchunguza zaidi. Peleka ankara, mazungumzo na mteja, na hati ya kutuma. Kama karakana ni kampuni, hakikisha majina ya wamiliki halisi, wenye 10% au zaidi, yameandikishwa kwa msajili wa kampuni. Kama ndugu yako amekufungulia kampuni Uingereza kurahisisha malipo, wakurugenzi na wamiliki wa kampuni za huko wanatakiwa kuthibitisha utambulisho wao tangu 18 Novemba 2025. Mwulize kama amefanya.

Na mzigo ukikwama, jibu barua ya forodha siku ileile. Ghala hutoza kwa siku, na mara nyingi wanachokitaka ni karatasi moja tu: jina la mti, picha ya lebo, au ankara yenye sahihi. Sisi tunaziweka tayari kwenye simu, folda moja kwa kila namba ya kipande, kwa sababu intaneti ya huku hukatika kusi likivuma na huwezi kusubiri upepo ugeuke.